Chapati ya udongo: maswali yenu kuhusu kufinyanga na watoto wadogo

Toleo lililopita niligusia kidogo tu kwamba watoto wa awali wanaweza kutengeneza vitu vizuri kwa udongo uliosukumwa bapa kama chapati badala ya kuanza na chungu, na maswali yamekuja mengi kuliko nilivyotegemea. Nimechagua haya, mengine yamefanana nikayaunganisha. Majina nimeyaacha.

Shikamoo mwalimu. Nafundisha awali huku Muheza, nina watoto 54 wa miaka mitano, udongo tunachukua bure bondeni. Shida kila nikiwaambia wafinyange chungu wanatoboa kidole katikati af kuta zinalala, wengine wanaishia kwenye mpira na nyoka basi, wanachoka. Hiyo njia ya kusukuma naanzaje, na sina meza wala hela ya vifaa?

Marahaba mwalimu mwenzangu, na pole na hao 54, najua maana yake.

Kwanza usijilaumu wala usiwaone watoto wavivu. Chungu ni kazi ngumu. Ukuta wa chungu unataka vidole vibane sawasawa huku mkono mwingine unazungusha, na mtoto wa miaka mitano vidole vyake bado havijapata hiyo nguvu, yaani akili inataka ila mkono unagoma. Kusukuma ni tofauti, nguvu inatoka begani na kwenye uzito wa mwili, na wengi wao wameshamwona mama au dada akisukuma chapati kwa hiyo hata hujaanza kueleza wao washashika kifimbo.

Udongo wa bondeni ni mzuri ila usiutumie hivyohivyo ulivyotoka. Uloweke kwenye ndoo siku mbili tatu, uvuruge mpaka uwe uji, upitishe kwenye chekeche kuukuu ili mawe na mizizi vibaki juu, uache utulie, mwaga maji ya juu, halafu ule uji mzito umwage kwenye gunia au shuka kivulini mpaka usinate mkononi. Ukishafika hapo fanya jaribio moja dogo, viringisha kijikamba kinene kama penseli ukizungushe kwenye kidole. Kikipinda bila kuchanika uko vizuri. Kikikatika vipande una mchanga mwingi au umekauka mno, na ukikushikilia vidole bado una maji. Kama ni ule udongo unaoteleza kama sabuni, huo husinyaa sana ukikauka, uchanganye na mchanga laini au vigae vya chungu vilivyotwangwa, mi huwa naweka kikombe kimoja kwa vikombe vinne vya udongo. Hilo la vigae sikulibuni mimi, wafinyanzi wanafanya hivyo tangu zamani, chungu kilichovunjika kinarudi ndani ya chungu kipya.

Meza huhitaji. Tandika mkeka chini, weka vibao, na juu ya kila kibao kitambaa kigumu cha pamba. Mi natumia miguu ya suruali za jinzi zilizochoka, naichana na kuigeuza upande wa ndani, hainati na inadumu. Bila kitambaa udongo utagandia kwenye ubao na mtoto akiuvuta unachanika, hapo ndo kilio kinaanza. Vifimbo vya chapati havitatosha, basi chupa ya soda iliyojaa maji na kufungwa vizuri, ya plastiki sio ya kioo, au kipande cha bomba la maji, au mti mnyoofu uliomenywa gamba. Fundi seremala atakupa fito bure ukimwomba kwa adabu, chagua zenye unene sawa, kama sentimita moja hivi kwa watoto wa umri huo. Fito mbili unazilaza kulia na kushoto kwa udongo, kifimbo kinatembea juu yake kama treni kwenye reli, kwa hiyo mtoto hata asukume kwa nguvu zake zote udongo hauendi chini ya unene wa fito. Jamani hizo fito mbili ndo siri yenyewe. Bila fito upande mmoja unakuwa karatasi na mwingine tofali, na ule mwembamba unakauka kwanza unauvuta mwenzake, ufa unatokea katikati.

Sasa donge usimpe mtoto asukume moja kwa moja. Apige kwanza. Ngumi, viganja, kisigino cha mkono, mpaka liwe bapa nene, wanalipenda hilo kuliko yote, acha kelele ziwepo. Halafu wapige magoti au wasimame ili mwili ulalie kifimbo, waanzie katikati kwenda nje, baada ya misukumo michache wanyanyue, wageuze, waendelee, kama chapati tu. Udongo uliosukumwa upande mmoja bila kugeuzwa unajikunja baadaye.

54 kwa mpigo usijaribu. Mi nilijaribu mwaka wa kwanza nikaishia kulinda ndoo. Chukua wanane, wengine wako nje wanachora mchangani au wanatafuta majani, na hayo majani ndo kazi ya kwanza kabisa. Kila mtoto alete jani lake. La mpera ni zuri mno kwa sababu mishipa yake imetokeza, la mpapai linapendeza umbo ila lichumwe changa kidogo lisiwe kubwa kuliko kibao. Jani linalazwa upande wa mishipa ukitazama udongo, kifimbo kinapita mara moja au mbili, halafu mtoto analibandua mwenyewe. We subiri tu uone nyuso zao pale mishipa yote inapobaki kwenye udongo hata ile midogo kama unywele. Wakishakata kufuata ukingo wa jani, kwa kijiti butu, kisu hapana, unalaza lile bapa kwenye bakuli lililotandikwa kitambaa linajikunja lenyewe kidogo, na hapo mtoto wa miaka mitano ana sahani. Kwa siku moja. Mtoto yuleyule aliyeshindwa chungu mwezi mzima.

Jina liandikwe nyuma palepale kabla ya chochote. Vitu 54 vinavyofanana bila majina vitakugombanisha na watoto na wazazi wao.

Kukausha ni kazi yako wewe mwalimu. Viweke kivulini, vifunike gazeti na juu yake khanga yenye unyevu kwa siku ya kwanza, siku ya pili gazeti tu, kisha vigeuze kila siku. Jua la Muheza litakuharibia kila kitu ndani ya saa moja. Zamani tulikuwa tunafunga udongo kwenye rambo, tangu Juni 2019 mifuko hiyo hatunayo na kiukweli sijaikosa, ndoo ya rangi yenye mfuniko na kitambaa kibichi juu ya udongo inautunza muda mrefu, ila ile ndoo ioshwe kwanza rangi yote itoke.

Assalaam aleikum bi mwalimu. Niko Mombasa, twaishi ghorofani, binti yangu ana miaka minne. Tulisukuma udongo tukauzungusha kwenye mkebe wa maziwa uwe kikombe cha kuwekea penseli, ukapendeza kwelikweli, asubuhi tukaukuta umepasuka toka juu hadi chini, mtoto akalia mpaka akalala. Na kile kibao tulichomwandikia jina kimejikunja pembe zote nne. Tulikosea wapi?

Wa aleikum salaam mama, mpe pole sana binti.

Mlichokosea ni kuuacha mkebe ndani. Udongo ukikauka unasinyaa, mkebe hausinyai, sasa udongo unajibana unajibana na hauna pa kwenda, unapasuka. Nikupe mchezo mzuri wa kumwonyesha mtoto jambo hilo kwa macho yake, sukumeni kipande kirefu, mchore mstari wa sentimita 10 kamili, mkiache kikauke kabisa halafu mpime tena. Mara nyingi mstari unabaki tisa na nusu, ukiwa udongo mlaini sana unashuka zaidi. Atakuuliza umeenda wapi huo uliopungua, jibu ni maji, yalikuwa yamekaa katikati ya chembe za udongo, yakiondoka chembe zinasogeleana.

Kwa hiyo mara nyingine funga gazeti kwenye mkebe kabla hujazungusha udongo, uache mpaka usimame wenyewe bila kulegea, saa mbili tatu kutegemea na hewa, halafu mkebe uchomoe polepole, gazeti hata likibaki si kitu, lenyewe linakubali kubanwa. Bakuli ni rahisi zaidi, udongo ulazwe NDANI ya bakuli la jikoni lenye kitambaa, ukisinyaa unajibandua wenyewe kutoka kwenye kuta, hakuna kupasuka.

Pale kingo mbili zinapokutana usizibandike kwa maji matupu. Chukua mswaki wa zamani, uchovye kwenye uji mzito wa udongo uleule, msugue kingo zote mbili mpaka ziwe na makwaruzo, ndipo mzibane na kuzipapasa kwa kidole ndani na nje. Mswaki unakwaruza na kupaka kwa wakati mmoja, na hauwezi kumuumiza wa miaka minne.

Kibao cha jina kilijikunja kwa sababu pembe zinapata hewa zaidi zinakauka mbele ya katikati. Vikaushe katikati ya vibao viwili au kwenye waya wa kuokea keki hewa ipite chini pia, pembe uzifunike kwa vipande vya gazeti lenye unyevu, na usiweke karibu na dirisha, upepo wa baharini huo hauna huruma. Kingine ambacho wengi hawakijui, udongo unakumbuka. Ukiunyanyua bapa kwa pembe moja likapinda, hata ukililaza likanyooka, likikauka linarudi kulekule lilikopinda. Linyanyue pamoja na kitambaa chake, au weka kibao kingine juu yake ugeuze vyote kwa pamoja.

Kile kikombe kilichopasuka usikitupe mama. Mkiweke kwenye maji mkae nacho. Udongo mkavu ambao haujachomwa unameguka wenyewe majini kwa kelele ndogo ndogo za mapovu, watoto wanakaa hapo nusu saa, halafu unakuwa uji, halafu unakuwa udongo tena. Na mikono msioshee kwenye sinki, mtaziba bomba la jengo zima, osheeni ndani ya ndoo, tope likishatuama mnamwaga maji mnabaki nalo.

Mwalimu, mama yangu ni Mkisi, amefinyanga miaka yote huko Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa, na sijawahi kumwona akisukuma udongo kwa kifimbo. Hamwoni mnawapeleka watoto kwenye vitu vya kigeni wakati ufinyanzi wetu upo?

Kaka, swali lako nimelisoma mara nyingi na sina haraka ya kulijibu, maana kazi za akina mama wa Kikisi naziheshimu sana. Vyungu vyao vinavushwa kwa mtumbwi Ziwa Nyasa hadi Matema vikiwa vimepangwa kwa majani, na kuta zake ni nyembamba na sawasawa utadhani vimetoka kwenye mashine, na hakuna mashine hapo, ni mikono tu. Nani awe na kitu bora kuliko hicho cha kumfundisha mtoto?

Ila muulize mama yako alianza na umri gani, na alianza na nini. Wafinyanzi wengi niliowauliza mimi wanasema walianza kwa kuchezea mabaki pembeni ya mama, wakabeba udongo, wakaponda, wakalainisha kwa jiwe la mtoni, chungu chenyewe kikaja baadaye sana. Kusukuma ni hapo pembeni ya mama, sio mahali pa chungu. Mtoto anajifunza udongo una maji kiasi gani, unataka nini, unapasuka kwa nini, na akifika miaka tisa kumi mikono imepata nguvu unampeleka kwa mfinyanzi wa kweli akiwa anajua anachokiona. Tena kama mama yako bado ana nguvu na shule iko karibu, mpelekeni siku moja akae na watoto. Msimwite atoe hotuba, afinyange tu, wao wakae wamzunguke.

Mwanangu ana miaka mitatu, kila akishika udongo anaupeleka mdomoni. Nimuache au nimzuie?

Mzuie, na kwa hili nakusihi mama. Udongo wa bondeni unaweza kuwa na mayai ya minyoo, hujui nani kapita hapo wala choo kiko wapi. Usichimbe karibu na vyoo, mashimo ya taka au gereji. Kwa umri huo mpe donge la unga wa ngano lenye chumvi nyingi, vikombe viwili vya unga kimoja cha chumvi na maji kidogo kidogo, linasukumika vilevile, na ile chumvi akilamba mara moja mwenyewe anaacha, ila usimwache nalo peke yake maana chumvi nyingi sio chakula. Akishafika minne mrudishe kwenye udongo.

Lakini kama anatafuta udongo mwenyewe, anakwangua ukuta, anaiba pemba ya shangazi, ule udongo wa kula, hiyo si tabia ya kumchapa. Mara nyingi inaendana na upungufu wa damu, mpeleke kituo cha afya wampime damu na minyoo.

Tunachomaje? Hapa Morogoro hatuna tanuri la umeme, na mara ya mwisho tulichoma kwa kuni nusu ya vitu vililipuka puu puu puu, watoto wakakimbia.

Afadhali walikimbia. Siku ya kuchoma watoto wakae mbali, hilo halina mjadala.

Watu husema kilicholipuka kilikuwa na hewa ndani, lakini mara nyingi ni maji. Maji yanachemka kwenye nyuzi 100, ndani ya udongo mnene mvuke unatafuta pa kutokea, usipopata unapasua. Kwa hiyo kabla ya kuchoma shika kipande ukiweke shavuni, kikiwa baridi bado kina maji hata kama kwa macho kimekauka. Kisubirishe. Vitu vya sentimita moja mi navipa wiki mbili, masika tatu. Siku yenyewe vipange kuzunguka moto mdogo kwanza, saa nzima, mbili, ukivigeuza, ndo uje uvifunike kwa makumbi ya nazi au nyasi kavu au kinyesi cha ng'ombe kilichokauka na uache uwake, na usifukue mpaka vipoe vyenyewe, kesho yake ni vizuri zaidi.

Na nyie wa Morogoro mna bahati ambayo wengi hawana, kuna wachoma matofali. Nenda kwa mwenye tanuri la matofali kabla hajaliwasha, mwombe nafasi katikati, sio pembeni ambako moto ni hafifu, mweke vitu vya watoto kati ya tofali na tofali. Moto wake unapanda taratibu kwa siku kadhaa na udongo unataka hivyohivyo. Mi nimefanya hivyo, kati ya vipande 30 na kitu tulipoteza vitatu. Yule mzee alikataa hela, akataka apewe kimoja, akachagua samaki.

Kipimo cha kama kimeiva ni maji, kitumbukize, kisipoyeyuka kimeiva, maana moto ukipita kama nyuzi 600 udongo haurudi tena kuwa tope. Rangi ya dukani ipakwe kwenye mapambo tu, sahani iliyopakwa rangi hiyo isiwekewe chakula. Na darasa mkimaliza msifagie vumbi la udongo likiwa kavu, lina chembe za mchanga laini sana zinazoumiza mapafu, futeni kwa kitambaa kibichi.

Mwalimu, nikiona mtoto kakata tembo na hafanani na tembo naruhusiwa kumrekebishia kidogo?

Hapana.

Najua mkono unawasha, mi mwenyewe miaka ya mwanzo nilikuwa narekebisha, masikio navuta, mkonga nanyoosha, na wazazi wakija wanasifia. Halafu siku moja mtoto mmoja aliniletea udongo wake haujaguswa kabisa akaniambia mwalimu nitengenezee, wewe ndo unajua. Ana miaka mitano. Niliumia sana, kwa sababu mwezi mmoja nyuma mtoto huyohuyo alikuwa anakata chochote anachowaza bila kuuliza mtu, na ni mimi niliyemfundisha kwamba hajui.

Kazi yako ni unene na unyevu. Ukimwandalia udongo mzuri, ukampa fito, ukamkaushia kwa uangalifu, basi umemsaidia vya kutosha, umbo ni la kwake hata kama tembo ana miguu miwili. Unaweza kumuuliza, huyu anaenda wapi, amekula nini leo, atasimama au atalala, na mara nyingi akijibu anaona mwenyewe kuna kitu kimepungua anaongeza. Sehemu pekee ninayoingiza mkono ni kipande kinachotaka kudondoka, na hapo pia namuita kwanza, namwonyesha ufa, nampa mswaki wenye uji.

Na kama mkono bado unawasha, kata donge lako, kaa naye palepale mkekani, usukume chako. Usimwonyeshe wala usimwambie aangalie. Ukimaliza andika jina lako nyuma, kiweke rafu moja na vya kwao, kikauke pamoja navyo.